Mdogo wangu yuko rumande kwa kosa lisilo na dhamana. Katiba inaruhusu?

"Mdogo wangu alikuwa mhasibu wa kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar es Salaam. Mwaka jana alikamatwa, akaunganishwa na wenzake wawili kwenye kesi ya uhujumu uchumi, na shtaka mojawapo ni kutakatisha fedha. Tangu hapo kila baada ya wiki mbili tunakwenda mahakama ya Kisutu, wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika, kesi inapangiwa tarehe nyingine, naye anarudishwa gereza la Segerea. Hajawahi hata kuulizwa kama anakiri au anakana. Jirani yetu anasema Mahakama Kuu ilishaifuta sheria ya kunyima dhamana mwaka 2020, kwa hiyo hakimu anatuonea. Mwingine anatushauri tufungue kesi ya kikatiba. Na huko ndani wenzake wanamwambia amwandikie DPP, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka, akiri, yaishe. Mimi sielewi. Katiba si inasema mtu hana hatia mpaka ithibitike? Tufanye nini?"

Dada yangu, pole sana. Barua yako ina maswali mawili yaliyosukwa pamoja, na familia nyingi hupoteza fedha na muda kwa kutoyatenganisha. La kwanza ni kama sheria inayomnyima mdogo wako dhamana inaendana na Katiba. La pili ni namna ya kumtoa yeye, mtu mmoja, mwenye hati yake ya mashtaka. Swali la kwanza ni la nchi nzima na majibu yake huchukua miaka. La pili linaweza kupata jibu mapema zaidi, na mara nyingi jibu hilo halipatikani kwenye Katiba bali ndani ya karatasi ile ile aliyosomewa siku ya kwanza.

Nianze na hakimu, kwa sababu lawama mnazomtupia hazimstahili. Pale Kisutu, kesi ya uhujumu uchumi ikifika bila kibali cha Mkurugenzi wa Mashtaka kuruhusu mahakama hiyo iisikilize, hakimu anakuwa mlango tu. Shauri lenyewe ni la Mahakama Kuu. Ndiyo maana siku ya kwanza mdogo wako aliambiwa asijibu chochote: hakimu hana mamlaka ya kupokea jibu lake. Kazi yake ni kulitaja shauri, kuuliza upelelezi umefikia wapi na kupanga tarehe nyingine. Kuhusu dhamana, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985, kwenye kifungu ambacho wengi tunakijua kama 148(5), imeorodhesha makosa ambayo mahakama haitatoa dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, biashara ya dawa za kulevya, utakatishaji fedha na mengine. Kosa likiwa kwenye orodha, hakimu hapimi chochote. Haulizi kama mshtakiwa ana makazi ya kudumu, kama ana mtoto anayenyonya, kama alijisalimisha mwenyewe polisi. Bunge lilishaamua kwa niaba yake. (Namba za vifungu zimepangwa upya katika toleo la sheria lililoanza kutumika Julai 2025, kwa hiyo mwambie wakili akuoneshe namba ya sasa.)

Pengine umesikia pia kwamba upelelezi ukizidi siku 60 mtu anaachiwa. Kanuni hiyo ipo, ila ni ya kesi ambazo mahakama ya chini ina mamlaka ya kuzisikiliza, na hata huko ina njia za kuongezewa muda. Kesi za uhujumu uchumi zimewekwa nje yake. Usiijengee matumaini.

Sasa Katiba. Uko sahihi, Ibara ya 13(6)(b) inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia mpaka ithibitike hivyo. Ibara ya 15 inalinda uhuru wa mtu, lakini inasema anaweza kuunyimwa kwa mujibu wa utaratibu uliowekwa na sheria. Na Ibara ya 30 inaruhusu sheria kubana haki kwa ajili ya usalama na maslahi ya umma. Utaona kwamba hakuna ibara inayotaja wazi haki ya mshtakiwa kupewa dhamana. Mawakili tunaijenga haki hiyo kutoka kwenye ibara hizo za jumla, na hapo ndipo mabishano yalipo. Haki hizi zenyewe ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, zikaanza kudaiwa mahakamani mwaka 1988. Kwa maana hiyo sheria ya mwenendo wa jinai ilitungwa katika kipindi ambacho haki zilikwishaandikwa lakini hakuna aliyeweza kuzidai. Mimi naona historia hiyo bado inatuumiza hadi leo.

Jaribio kubwa la kwanza lilikuwa kesi ya Daudi Pete, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1991. Mahakama ilikifuta kipande kimoja cha kifungu hicho kwa sababu kilikuwa kipana kupita kiasi: kiliweza kumfungia mtu hatari pamoja na asiye hatari, na hakikuweka utaratibu wa kumlinda mshtakiwa. Lakini katika uamuzi huo huo Mahakama haikukubali kwamba kumnyima mtu dhamana, peke yake, ni kumhesabu kuwa na hatia. Hoja yako, dada, ilijibiwa pale, na jibu halikuwa ulilotaka. Miaka miwili baadaye, katika kesi ya Kukutia ole Pumbun, Mahakama hiyo hiyo iliweka kipimo tunachokitumia mpaka leo: sheria inayobana haki ya msingi isiwe ya kiholela, iwe na kinga dhidi ya matumizi mabaya, na isibane kuliko inavyohitajika kufikia lengo halali.

Kwa kipimo cha namna hiyo Jeremia Mtobesya alishinda. Yeye alipinga kifungu kilichompa DPP uwezo wa kuleta hati mahakamani na kusema tu kwamba mshtakiwa akipewa dhamana usalama au maslahi ya Jamhuri yataathirika, basi mjadala ukafungwa hapo. Mahakama Kuu ilikiondoa mwishoni mwa 2015 na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2018, kwa sababu hati ile ilimfunga mtu bila kumsikiliza.

Ndipo tunafika kwenye habari ya jirani yako. Hakukosea kabisa, ila amebaki na nusu ya habari. Tarehe 18 Mei 2020, katika shauri la Dickson Paulo Sanga, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 148(5) kinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali muda wa kukirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 5 Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikautengua uamuzi ule. Kifungu kikabaki, na kipo. Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba hata kama Sanga angeshinda mpaka mwisho, milango ya Segerea isingefunguliwa kesho yake. Ibara ya 30(5) inairuhusu mahakama, badala ya kuifuta sheria papo hapo, kuipa Serikali au Bunge nafasi ya kuirekebisha, na katika muda huo sheria inaendelea kutumika.

Je, mnaweza kufungua kesi ya kikatiba? Mnaweza. Ibara ya 30(3) inampa mtu anayedai haki yake imevunjwa nafasi ya kwenda Mahakama Kuu, na mdogo wako ameguswa mwili na roho, hakuna atakayemwambia jambo hili halimhusu. Lakini Mahakama Kuu inafungwa na uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika shauri la Sanga. Mkienda na hoja ile ile ya kwamba 148(5) ni batili, majaji watatu watakaokaa watawaambia mikono yao imefungwa, hata kama mioyoni wanakubaliana nanyi. Njia ninayoiona ina uhai kidogo ni tofauti: kuachana na uhalali wa orodha, na kuhoji muda. Kumweka mtu ndani mwaka baada ya mwaka bila kesi kuanza kusikilizwa kunagusa haki ya kusikilizwa katika Ibara ya 13(6)(a), na kunagusa Ibara ya 107A, ambayo inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Ni hoja nzuri. Sikuahidi kwamba inatosha kushinda, na hata ikishinda inaweza kuchukua muda mrefu kuliko kesi yenyewe. Ifungueni kama mna wakili au taasisi iliyo tayari kuibeba kwa ajili ya watu wote walio katika hali hiyo. Msiifungue kwa fedha ya kuuza kiwanja mkidhani ndiyo njia ya haraka ya kumleta nyumbani.

Wapo watakaowaambia mwende Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, maana ipo hapa hapa Arusha. Tanzania iliondoa tamko lililoruhusu watu binafsi na asasi kupeleka mashauri moja kwa moja katika mahakama hiyo, na kuanzia Novemba 2020 mlango huo umefungwa kwa mashauri mapya. Mahakama ya Afrika Mashariki bado ipo wazi, lakini mkataba wake unataka shauri lifunguliwe ndani ya miezi miwili tangu kitendo kinacholalamikiwa kifanyike au kijulikane.

Turudi kwenye karatasi. Tafuta nakala ya hati ya mashtaka, kaa mezani na wakili, msome kosa moja baada ya jingine. Kwa maelezo yako nategemea itakuwa na mpangilio huu: kosa la kwanza kuongoza genge la uhalifu, kisha kughushi, kisha wizi wa mtumishi, na mwishoni kutakatisha fedha. Tazameni maelezo ya kosa la wizi na maelezo ya kosa la kutakatisha: tarehe, kiasi, akaunti. Mara nyingi ni fedha zile zile, siku zile zile, akaunti ile ile. Wizi, kughushi na hata mashtaka mengine ya uhujumu uchumi yana dhamana, ingawa masharti yake ni mazito. Kiasi kikiwa kikubwa mshtakiwa anaweza kutakiwa kuweka nusu ya thamani inayotajwa, kwa fedha taslimu au mali, na kutegemea kiasi hicho maombi yanaweza kupelekwa Mahakama Kuu. Kinachomzuia mdogo wako ni kosa moja tu kati ya yote. Kosa hilo likitoka, hali yake mbele ya sheria inabadilika siku hiyo hiyo.

Kwa nini shtaka hili linabandikwa kwa urahisi? Sheria ya Kudhibiti Utakatishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006 ilitungwa kwa sababu nzuri. Walanguzi, mafisadi na wafadhili wa ugaidi huficha chanzo cha fedha zao kwa kuzizungusha mpaka zionekane safi. Lakini tafsiri ya kosa ni pana: inamgusa anayehamisha na kuficha, na inamgusa pia anayepokea, kumiliki au kutumia mali akijua, au akipaswa kujua, kwamba imetokana na uhalifu. Karibu kila mtu anayetuhumiwa kuiba fedha anatuhumiwa pia kuzipokea. Kwa hiyo mwendesha mashtaka akitaka, wizi wowote wa maana unaweza kuongezewa mstari mmoja wa utakatishaji, na mstari huo ukafanya kazi ya kufuli. Hapa ndipo ninapoona kasoro kubwa ya mfumo wetu, kubwa kuliko orodha yenyewe: uamuzi wa nani akae ndani umetoka mikononi mwa mahakama, iliyo na wajibu wa kusikiliza pande zote mbili, ukaenda kwa upande mmoja wa kesi.

Kwamba mstari huo unaweza kuanguka, tumeona. Viongozi wa zamani wa klabu ya Simba, Evans Aveva na Geofrey Nyange, walikaa ndani tangu Juni 2017. Kesi yao ilisikilizwa hapo hapo Kisutu, na Septemba 2019, baada ya upande wa mashtaka kumaliza ushahidi wake, mahakama iliwaondolea mashtaka ya utakatishaji fedha. Wakapata dhamana kwa yaliyobaki. Kutoka mwaka 2017 mpaka 2019 kilichowafungia ndani ni shtaka ambalo mahakama iliona hawana la kujibu. Na wao walikuwa na bahati ya kesi kusikilizwa. James Rugemalira alikaa rumande tangu Juni 2017 mpaka Septemba 2021, DPP alipoondoa mashtaka, bila kesi yake kuanza kusikilizwa.

Njia ya kwanza ya kujaribu ni barua ya wakili kwa DPP, yenye hoja na si ya kuomba huruma, ikieleza kwa nini maelezo ya shtaka la utakatishaji hayaoneshi kitu zaidi ya wizi unaodaiwa, na kuomba hati ibadilishwe au kibali kitolewe kesi isikilizwe Kisutu. Ibara ya 59B ya Katiba inamtaka DPP, anapotumia mamlaka yake, azingatie nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Barua iinukuu ibara hiyo. Sambamba na hilo, kila tarehe ya kutajwa wakili asimame na kuomba Jamhuri ieleze kwa undani upelelezi umebakiza nini, na maneno hayo yaingie kwenye mwenendo wa shauri. Hakimu hawezi kutoa dhamana, lakini kumbukumbu hizo ndizo zitakazotumika mkiomba mapitio Mahakama Kuu au mkifungua shauri lile la kuhoji muda.

Kuhusu kukiri. Tangu mwaka 2019 sheria inaruhusu makubaliano kati ya mshtakiwa na DPP: anakiri kosa, mara nyingi dogo au moja kati ya kadhaa, analipa fidia au kurejesha fedha, na mengine yanaondolewa. Mwandishi wa habari Erick Kabendera, aliyekamatwa Julai 2019, alitoka kwa njia hiyo Februari 2020. Utaratibu huu una faida ya kweli kwa mtu aliyetenda kosa na anayetaka kulimaliza. Kwa mtu asiyetenda, ni mtego wenye mlango mzuri. Akikubali, anakuwa ametiwa hatiani. Kwa mhasibu, rekodi hiyo inaweza kumfungia kazi yake yote iliyobaki, na fidia atakayoahidi ni deni halisi linalodaiwa. Sheria inataka makubaliano yawe ya maandishi na mahakama ijiridhishe kwamba ameyaingia kwa hiari. Ila tuseme ukweli: hiari ya mtu ambaye njia nyingine pekee ni kuendelea kulala kwenye sakafu ya rumande bila kujua mpaka lini, ni hiari iliyokamuliwa. Kwa hiyo asiandike barua yoyote kwa ushauri wa wenzake wa mahabusu. Mwulizeni faragha, mbele ya wakili, ni kipi hasa kilichotokea kwenye akaunti zile. Uamuzi utegemee jibu hilo na ushahidi uliopo, na uwe wake, si wenu mliochoka na nauli za kwenda Kisutu.

Umeuliza pia, kwa maneno yako, kama ni haki. Serikali ina hoja ambayo sitaipuuza. Wapo washtakiwa wanaokimbia, wanaotisha mashahidi, wanaohamisha mali siku wakitoka, na Mahakama ya Rufani iliona Bunge lina uwezo wa kulinda jamii dhidi ya hatari hiyo. Ninachopinga ni kudhani kwamba jina la kosa linatosha kukuambia nani atakimbia. Kenya, katika Katiba yake ya 2010, Ibara ya 49, iliweka kwamba mtu aliyekamatwa aachiwe kwa dhamana yenye masharti ya busara isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Hata anayeshtakiwa kwa mauaji anaweza kuomba, na upande wa mashtaka ndio unaobeba mzigo wa kuonesha sababu hizo. Uganda imeweka ukomo wa muda ndani ya Katiba: kwa kosa linalosikilizwa na Mahakama Kuu peke yake, mtu akikaa rumande siku 180 kabla kesi haijapelekwa huko, anastahili kuachiwa kwa dhamana kwa masharti ambayo mahakama itaona yanafaa. Hizo si nchi zilizokosa uhalifu, na wala utekelezaji wao hauna dosari, lakini zimemrudishia jaji kazi ya kupima. Kwetu hayo yanaweza kufanywa na Bunge kwa sheria ya kawaida, bila kusubiri Katiba mpya ambayo mchakato wake umekwama tangu kura ya maoni ya Aprili 2015 ilipoahirishwa. Tume ya kuangalia mfumo wa haki jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema jambo hili halijulikani juu. Mbunge wenu mwulizeni msimamo wake, na mwulizeni kwa maandishi.

Haya niliyoandika hayatoshi kuwa ushauri wa kesi ya mdogo wako, kwa sababu sijaiona hati. Kabla ya tarehe ijayo ya kutajwa, nendeni kwa wakili mwenye uzoefu wa kesi za uhujumu uchumi, mkiwa na hati ya mashtaka, namba ya shauri, orodha ya tarehe zote mlizohudhuria na kilichosemwa kila tarehe, barua yake ya ajira na taarifa za benki mlizonazo. Kama fedha imeisha, ombeni huduma chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, au nendeni Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu au ofisi za Chama cha Mawakili Tanganyika muulize nani anaweza kuwasaidia. Kama afya yake imebadilika, au amefuatwa na mtu yeyote akitakiwa asaini karatasi, msisubiri tarehe: wakili aende Segerea siku hiyo hiyo. Na akija kishoka yeyote pale nje ya mahakama, akasema anamjua mtu ofisini kwa DPP na kinachohitajika ni "kitu kidogo", ondokeni na mpige namba 113 ya TAKUKURU. Familia ikishikwa ikitoa rushwa ndani ya kesi ya uhujumu uchumi, mtakuwa na ndugu wawili Segerea.